Mita Sitini za Kamba Nyeupe

Mita sitini za kamba zilikuwa hazijulikani ziliko, na mtu aliyekuwa nazo, popote alipokuwa asubuhi ile, alikuwa ameshika kifo mkononi akidhani ameshika kamba.

Hilo ndilo lililomkosesha Inspekta Teodora Mgaya mahali pa kukaa. Tangu saa kumi na mbili alikuwa akizunguka kwenye uwanja wa nyasi nje ya Makambako, koti limefungwa hadi shingoni, upepo ukimsukuma kama mtu mwenye haraka kwenye foleni. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Kesi za wezi wa mbao alizijua, na za mashamba, na za watu waliowekeana sumu kwenye ulanzi. Kesi ya kamba hakuwahi kuipata.

Siku mbili zilizopita, Alhamisi, Kipanga alianguka. Kipanga ndilo jina ambalo watu wa Makambako waliipa ile ndege nyeupe isiyo na injini. Inalala kwenye nyasi upande mmoja wa uwanja. Upande wa pili kuna winchi, mashine yenye gurudumu kubwa la kuzungushia kamba. Winchi inavuta, ndege inakimbia na kupanda kama tiara ya mtoto, na ikishafika juu inaiachia kamba na kubaki inaelea kwa upepo peke yake. Alhamisi haikufika juu. Kamba ilikatika ndege ikiwa imepita kidogo tu vilele vya misindano. Rubani Elius sasa yuko hospitalini, mgongo umevunjika. Anapumua, lakini hajasema neno.

"Nieleze tena, mwalimu," Teodora alisema. "Polepole, kama unamweleza bibi yako."

Jacob Ngailo, mwalimu wa marubani pale uwanjani, alikuwa amechuchumaa na vipande viwili vya kamba nyeupe magotini. Hakuwa amelala. Macho yalikuwa mekundu.

"Hii si katani, afande, wala si nailoni ya dukani. Ni nyuzi za plastiki ya aina yake. Unaiona ni nyembamba kuliko penseli? Ikiwa nzima inanyanyua ng'ombe wanne kwa mpigo. Na mita elfu nzima unazibeba begani peke yako, unapiga mluzi. Zamani tulitumia waya wa chuma. Kuuhamisha tu ilikuwa kazi ya wanaume wanne na matusi."

"Haiozi?"

"Haiozi, haishiki kutu, ukiitupa majini inaelea."

"Basi ina kasoro gani? Kila kizuri kina kasoro yake."

"Joto," Jacob alisema. "Ikisuguliwa mpaka ikapata moto, nyuzi zinayeyuka na kushikana. Shika hiki."

Teodora alishika kipande cha kwanza. Kilikuwa na vinywele vidogo vidogo, kama sweta lililofuliwa mara nyingi. Alishika cha pili, kilichotolewa pale kamba ilipokatikia. Kilikuwa kigumu kidogo, laini, kinang'aa kama kioo cha chimni.

"Mimi ningechagua hiki kinachong'aa," alisema.

"Kila mtu angechagua hicho, afande. Ndicho kilichokufa."

Teodora alivirudisha vyote viwili taratibu, kama mtu anayerudisha yai la nyoka.

Yeye na Konstebo Sadock, dereva wake, walikuwa wameipima kamba yote kwa futi ya mafundi, kipande kwa kipande. Kitabu cha mapokezi kiliandika mita elfu moja. Wao walipata mia tisa na arobaini. Na hatua tatu kutoka ilipokatikia walikuta mahali ilipoungwa. Haikuungwa kwa fundo. Ilisukwa, ncha imeingizwa ndani ya ncha, kazi safi kabisa.

"Sadock," Teodora aliita. "Kiazi kikioza upande mmoja, mkeo anafanyaje?"

"Anakata upande uliooza, anatupa, anapika uliobaki."

"Na akikata kwa uchoyo?"

"Tunakula ubovu kidogo, afande."

"Ndicho kilichotokea hapa. Kuna mtu aliona sehemu imeungua. Akaikata, akaiondoa, akaunga. Lakini alikata kwa uchoyo, ubovu kidogo ukabaki. Huo kidogo ndio uliomwangusha Elius." Alikunja futi ya mafundi. "Sasa kama kidogo kimevunja mgongo wa mtu, ubovu wenyewe uko wapi? Mita sitini. Nani kazichukua, na amefungia nini?"

Sadock aliangalia barabara kuu, ambako lori la mbao lilikuwa likipanda kilima limefungwa kamba nyeupe. Wote watatu waliliangalia mpaka lilipopotea. Kumbe ilikuwa katani mpya tu.

*

Aliyekamatwa kwa kesi hii alikuwa mfugaji aitwaye Nahumu. Ng'ombe wake walikuwa wamefukuzwa uwanjani, naye alisema mbele ya watu kwamba hicho kipanga chao kitaanguka, Mungu si Athumani. Siku ndege ilipoanguka alikutwa na kisu chenye nyuzi nyeupe, na ndama wake amefungwa kipande cha kamba ileile. Mkuu wa kituo aliona kesi imekwisha.

Walimleta uwanjani.

"Mama yangu, mimi niliokota," alianza kabla hajaulizwa. "Niliokota kwenye nyasi baada ya ndege kuanguka. Nilisema maneno, ndiyo, mdomo wangu hauna mlango. Lakini maneno hayakati kamba!"

"Hayakati," Teodora alikubali. Alimpa vipande viwili vya kamba nzima. "Niungie hivi."

Nahumu alifunga fundo la kufungia ng'ombe, akalikaza kwa meno, akalitemea mate. Teodora alishika upande mmoja, Sadock upande wa pili, wakavuta. Fundo liliteleza likafunguka kama halikuwahi kufungwa.

"Uchawi," Nahumu alinong'ona.

"Si uchawi. Kamba hii haikamatani na fundo. Inataka kusukwa, na wewe kusuka hujui. Nenda kwa ndama wako. Na siku nyingine uufungie mdomo wako pamoja na ng'ombe."

Nahumu aliondoka akitembea kinyumenyume, kama anaogopa watabadili mawazo akigeuka.

"Wanaojua kusuka hapa ni wangapi?" Teodora alimuuliza Jacob.

"Wawili. Mimi." Jacob aliitazama winchi. "Na Severini wa winchi."

*

Severini Mligo alikuwa amesimama kando ya winchi yake tangu asubuhi, ameshika kitambaa cha mafuta. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, vidole vyenye makovu. Kabla ya kuja uwanjani alifanya kazi miaka ishirini kwenye mashine za kuvuta magogo, huko kwenye mashamba ya miti ya Kifanya.

"Kamwene, Severini."

"Kamwene, afande."

"Sitakuuliza kitu kwanza. Nataka tuangalie pamoja."

Alikuwa ameagiza gunia la viazi kutoka jikoni kwa mama lishe wa uwanja, gunia la kawaida, si lile la kuongezewa kichwa. Kwenye tawi la mkaratusi Jacob alining'iniza kipande kinachong'aa, urefu wa mita mbili, akasuka kitanzi, akatundika gunia. Lilining'inia. Lilizunguka kidogo, kamba ikatoa mlio mwembamba kama wa nzi. Kisha ikasikika sauti ndogo, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti, na gunia likawa chini, viazi vinakimbia kila upande kwenye nyasi.

Hakuna aliyeinama kuviokota.

Kitambaa kilikuwa kimemdondoka Severini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Gunia la viazi ni kama mtu mmoja mnene," Teodora alisema. "Ulisikia hiyo sauti ilivyokuwa ndogo?"

"Nilisikia, afande."

"Mita sitini ziko wapi?"

"Sijui, afande."

"Ulikata wewe?"

"Sijui."

"Hujui kama ulikata?"

Severini alitazama miguu yake. Teodora aliwahi kuona hofu za aina nyingi. Kuna ya mwizi, inayotafuta mlango. Hii haikutafuta mlango. Hii ilikuwa inahesabu. Mara mbili Severini aliinua macho kuangalia jua, na mara moja aliangalia barabara inayokwenda Njombe.

Teodora aliketi kwenye tairi la winchi, akaweka mikono mapajani kama yuko jikoni kwake.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," Severini akajibu. Mdomo ulijibu wenyewe. Ni mazoea ya utotoni, hayasubiri ruhusa.

"Nina mgonjwa wangu. Kila akikaribia kufa, ngozi yake inang'aa."

Upepo ulipuliza kwenye makapi ya winchi, yale magurudumu madogo ambayo kamba hupitia, yakatoa mlio mwembamba.

"Sijui, afande. Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

"Kifanya."

Sadock alitabasamu kidogo. Teodora hakutabasamu. Alisimama.

"Miaka hamsini natega vitendawili, Severini. Watu hunipa Dar es Salaam. Hunipa Mbeya, Arusha. Wachoyo hunipa Ludewa ili nikaumie milimani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa Kifanya. Mtu akishindwa ghafla hutoa mji ulio mbele kabisa kichwani mwake. Kuna nini Kifanya?"

Severini akaketi palepale kwenye viazi.

"Kapi lilikwama," alisema. "Jumanne ya wiki iliyopita. Beringi ilikufa, halikuzunguka, kamba ikawa inasuguliwa, nikaona moshi. Waya ungepiga kelele tu, afande, waya husema! Hii haikusema chochote. Nikasimamisha. Nikabadilisha beringi mwenyewe. Nikakata pale palipobadilika rangi. Nikaunga."

"Hukumwambia mwalimu."

"Nilisema nikimwambia atanifukuza. Nimeharibu kamba mpya iliyotoka ng'ambo."

"Na hiyo uliyoikata?"

"Niliipitishia kitambaa." Aliinua mikono yake kama anaonyesha. "Ndivyo tulivyofundishwa kwenye magogo. Waya ukitaka kufa, nyuzi zake zinakatika moja moja, unapitisha kitambaa unasikia unachoma. Usipochoma ni mzima. Hii haikuchoma hata mahali pamoja! Ilikuwa laini kuliko mwanzo. Nikasema, basi, kwa ndege imechoka, lakini kwa kazi ndogo bado. Waya uliochoka na magogo siku zote tulikuwa tunawapa watu wa visima. Unafanya kazi miaka mingine kumi."

Neno moja lilibaki hewani.

"Visima," Teodora alisema.

"Shemeji yangu, Romanus. Amemuoa dada yangu Consolata. Anachimba visima. Kila akija aliiomba hii kamba, jinsi ilivyo nyepesi." Severini alianza kulia bila sauti. "Lakini ataanza Jumatatu! Alisema Jumatatu. Mimi nilipanga kupanda basi la saa nane leo, niende nikaichukue kimyakimya, nimwambie mwalimu ameitaka. Simu yake haipatikani tangu jana."

Sadock alikuwa ameshatoa simu. Alimjua mtendaji wa kijiji cha Kifanya. Aliweka sauti ya wote kusikia.

"Romanus?" mtendaji alisema, na nyuma yake jogoo akawika. "Romanus yuko shimoni tangu saa mbili. Ameona mawingu akasema hasubiri Jumatatu, mvua isije ikamjazia. Kuna nini?"

"Asivutwe!" Teodora alipaza sauti. "Unanisikia? Kimbia wewe mwenyewe. Asivutwe kwa ile kamba nyeupe. Tafuteni kamba nyingine, na kama hakuna, mngojeni mpaka tufike."

"Afande, shimo lina mita ishirini na mbili. Na mwenye kamba ndefu ameondoka na lori lake kwenda huko kwenu Makambako." Mtendaji alipumua. "Na leo walikuwa wanategemea kufikia maji. Yakitoka, je?"

Teodora alitazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

*

Stoo ya uwanja ilikuwa bado na waya wa zamani, umejiviringa kwenye kona, una kutu. Jacob aliuburuta nje.

"Kitambaa chako kiko wapi?" Teodora alimuuliza Severini. "Upitishie huu. Huu unaujua."

Severini aliupitisha waya kwenye kitambaa, mita kwa mita, macho amefumba. Mahali pawili alisema, "Hapa unachoma," na Jacob akakata kwa msumeno. Zilibaki mita thelathini na moja ambazo hazikuchoma popote. Alirudia mara ya pili. Hakuna aliyemharakisha, ingawa kila mmoja alitamani.

Kutoka Makambako hadi Njombe Sadock hakuondoa mguu kwenye mafuta. Mashamba ya chai yalipita, misindano ikapita, mabanda ya viazi na ya parachichi yakapita. Njombe mjini walikuta mbuzi wa harusi barabarani, watu wanawachezea ngoma, na Sadock aliminya honi mpaka bibi harusi akaziba masikio. Nyuma ya gari waya uligongagonga bati. Severini aliketi kando ya Teodora, mikono haina pingu. Teodora alikuwa amezitoa, akaziangalia, akazirudisha mfukoni.

"Afande," Severini alisema walipoacha mji. "Tukifika, usimwambie dada yangu kwamba ni mimi. Sema kamba imerudishwa kiwandani. Sema chochote. Wamejenga kwa jasho langu na lake, watoto wananiita baba mkubwa."

"Mjomba," Sadock alisahihisha kwa mazoea.

"Wananiita baba mkubwa," Severini akarudia.

Kabla ya Kifanya simu iliita. Mtendaji. Safari hii sauti yake ilikuwa juu.

"Maji yametoka, afande! Yako magotini. Ametikisa kamba."

"Mmefanyaje?"

"Tumekaa. Lakini mkewe ... afande, njooni."

*

Watu kama ishirini walikuwa wamekizunguka kisima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaongea. Hilo ndilo lililomtisha Teodora kuliko chochote. Watu wa kisima huimba, hutaniana, humtania aliye chini kwamba mkewe kaolewa. Hawa walikuwa kimya kama kwenye kaburi ambalo jeneza halijashuka.

Juu ya shimo palikuwa na gogo la mkaratusi lenye mpini, limewekwa kwenye panda mbili. Kamba nyeupe ilizungushiwa hapo na kushuka gizani, nyembamba, nzuri, safi. Mwanamke mwenye kitenge cha kijani alikuwa ameushika mpini kwa mikono miwili. Mtendaji alikuwa ameushika upande wa pili, anamzuia.

"Kaka!" Consolata alisema alipomwona Severini. "Kaka, waambie hawa watu! Wanasema kamba yako ni mbovu. Mume wangu ametikisa mara tatu. Mara nne sasa ametikisa mara tatu!"

"Mara tatu ni nini?" Sadock aliuliza.

"Mara moja ni teremsha ndoo," mtendaji alisema. "Mbili ni pandisha ndoo. Tatu ni nipandishe mimi, na usiulize. Hapa kwetu mara tatu haijawahi kungojeshwa, afande. Tumemngojesha nusu saa nzima."

Kamba ilitikisika. Moja. Mbili. Tatu. Watu wote waliiona. Mama mmoja alifunika uso kwa kanga.

Teodora alilala kifudifudi kwenye matope, akaingiza kichwa shimoni. Ubaridi ulimpiga usoni. Chini sana aliona kipande cha mwanga kikicheza, na katikati yake kichwa na mabega.

"Romanus! Mimi ni polisi. Tunakuteremshia waya. Vua kitanzi cha kamba, ufunge waya!"

Sauti ilipanda kama inatoka ndani ya mtungi. "Waya gani? Ule wenye kutu ninaouona hapo? Mama, maji yako kifuani! Miguu siisikii! Mimi nina kamba ya ndege, nivuteni!"

"Kamba imeungua!"

"Haijaungua! Imenishusha, itanipandisha! Nimeipapasa yote, laini kama hariri! Consolata! Consolata, unaniacha nife kwa sababu ya polisi?"

Consolata alilia kwa sauti, akausukuma mpini. Gogo lilizunguka robo. Kamba ilikaza, ikatoa mlio mwembamba kama wa nzi. Teodora aliusikia. Alikuwa ameusikia asubuhi chini ya mkaratusi, punde kabla ya viazi kumwagika.

"Acha!" Alishika kiuno cha Consolata kwa mikono yote miwili. "Acha, mwanangu, nakuomba!"

Gogo likasimama. Wanaume walikuwa wameshaweka gogo la pili kando ya lile la kwanza na kuteremsha waya. Ulikuwa unagonga ukuta wa shimo, kon, kon, ukafika. Lakini Romanus hakuushika.

"Siachi hii!" alipiga kelele, na sasa meno yalikuwa yanagongana. "Nikiiacha hii nikashika huo, ukikatika nimebaki na nini? Hii kanipa shemeji yangu! Shemeji yangu hawezi kunipa kitu kibovu!"

Teodora alijiinua kwa magoti. Hakumwangalia Romanus tena. Alimwangalia Severini, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, mgongo kwenye ukuta wa zizi.

Watu waligeuka kufuata macho yake, mmoja baada ya mwingine, na mwisho Consolata naye akageuka.

"Kaka?" alisema. "Kwa nini wanakuangalia wewe?"

Severini alitembea hadi kisimani. Hatua nane tu zilikuwa, lakini aliyeziona asingesema ni nane. Alipiga magoti, akashika ukingo.

"Shemeji," aliita.

"Severini! Umekuja! Waambie wanivute!"

"Shemeji, nilikupa kitu kibovu."

Maji chini yalisikika yakipiga ukuta.

"Iliungua mikononi mwangu. Niliona moshi kwa macho haya. Niliogopa kufukuzwa, nikaikata, nikakupa wewe. Niliipapasa kama ulivyoipapasa, nikaona laini, nikajidanganya. Kipande kilichobaki kimevunja mgongo wa mtu Alhamisi. Kipande kilichobaki, shemeji! Ubovu wenyewe ni huo uliokaa chini ya makalio yako." Sauti yake ilikatika, akailazimisha. "Waya nimeupitishia kitambaa mara mbili. Hauchomi. Usiniamini kwa kamba. Niamini kwa waya. Nakuomba, mume wa dada yangu."

Consolata alikuwa ameweka mkono mdomoni, anamtazama kaka yake kama mtu asiyemjua anayekuja njiani.

Kisha waya ulitikisika. Moja. Mbili. Tatu.

"Gogo la pili!" Teodora alisema. "Wanaume sita. Pole pole."

Walivuta. Waya ulilia, ulikwaruza, ulipiga kelele za kutu kila nusu mita, na kila ulipolia wanawake walisema Yesu. Severini alikuwa ameushika kitambaani kwa kila urefu uliopanda, macho amefumba, anasikiliza kwa vidole. "Mzima," alikuwa anasema. "Mzima. Mzima." Mikono yake ilikuwa inavuja damu kidogo, na hakuna aliyejua tangu lini.

Kichwa cha Romanus kilijitokeza kwenye mwanga, cheupe kwa matope. Walimshika kwapani, wakamvuta nje, wakamviringisha blanketi. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Alitetemeka mpaka kikombe cha chai alichopewa kikamwagikia miguuni.

Hakumwangalia Severini.

"Kwenye kitanzi nimefunga ndoo ya tope," alisema, kama mtu anayeongea na kikombe. "Kazi haitupwi. Vuteni. Nataka kuona."

Teodora alimwashiria Sadock. Wanaume wawili walizungusha gogo la kamba nyeupe. Ilikuja vizuri, bila kelele, laini, haraka. Mmoja wao alianza hata kutikisa kichwa kwamba polisi wamewatisha watu bure. Zamu ya tano. Zamu ya sita.

Sauti ilikuwa ndogo. Kama njiti ya kiberiti.

Gogo lilizunguka tupu, wanaume wakaangukia mgongo. Ncha ya kamba iliruka juu na kutua kwenye matope, inang'aa. Watu wakasubiri. Wakasubiri tena. Kisha kutoka chini kabisa, ndoo ikapiga maji.

Romanus aliweka kikombe chini. Consolata aliketi kando yake, akamshika mguu wenye baridi, akaushika kwa nguvu kama mtu ataondoka nao.

Teodora aliiokota ile ncha, akaifunga kwenye bahasha ya karatasi, akaandika saa: saba na dakika ishirini. Kisha akasogea mbele ya Severini, ambaye alikuwa bado amepiga magoti na kitambaa chake chenye damu.

"Ulinipa mji," alisema. "Nimeshafika Kifanya. Nimekula tope lake, nimekunywa hofu yake. Nilitaka kukupa jibu, lakini naona unalo."

Severini alinyoosha mikono miwili mbele, viganja juu.

"Ni kamba, afande," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dada yake. "Mgonjwa wako ni kamba iliyoungua. Na aliyejua anaumwa akanyamaza ni mimi."

"Sadock," Teodora alisema. "Andika kama alivyosema."